Mzee wa Mtaa na Mwaka Nilioubuni

Ilianza Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuangalia simu, nikaona kikao kimechelewa kwa robo saa. Tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya chifu hapa kwetu Naitiri, vijana kumi wenye tisheti za kijani za mpango wa serikali wa kujitolea. Mzee wa Mtaa akatokea na karatasi moja mkononi. Hakusalimia mtu.

"Ndugu vijana," akasema, "fomu hii ya boma la kule mtoni ilijazwa na nani?"

Ilijazwa na mimi. Nilijua hata kabla hajaikunjua, kwa sababu kwenye kona kulikuwa na doa la chai. Watu wakatazamana. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nauliza mara ya pili."

Nikasugua kiatu kimoja kwa kingine, tope likadondoka.

"Basi. Sahihi iliyo chini ni yangu, kwa hivyo ni mimi niliyeijaza." Akaikunja mara nne, akaitia mkobani, akatuambia tusimame tuimbe wimbo wa taifa. Niliimba. Hiyo ndiyo inaniuma, ati niliimba beti zote tatu na sikukosea hata neno.

Sasa ni jioni na mikono bado ni baridi. Daftari hili nililianza nikiwa Form Two, bwenini kule Kitale, na mara nyingi naandika vitu vya kijinga tu. Leo nataka kumwandika yeye, kwa sababu Ijumaa saa tatu kuna kamati, na naogopa kwamba baada ya Ijumaa hatakuwa tena Mzee wa Mtaa.

Kamati itakaa kuamua kama Anti Nekesa wa boma la mtoni apewe kitambulisho. Ana miaka arobaini na saba na hajawahi kuwa na kitambulisho. Aliolewa akiwa mdogo, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake mtoni, na sasa amepata kazi ya kupika katika shule moja ya Kitale. Wanamtaka afike na kitambulisho. Marehemu mama yake alizaliwa upande wa pili wa mlima, Uganda, kwa hivyo hata kabla ya fomu yangu watu walikuwa wakimwangalia kwa jicho la kando. Wa kumtetea amebaki baba yake, mzee wa hapa hapa, na kitambulisho cha huyo mzee kiliungua pamoja na nyumba zamani na hakukifuatilia. Mimi nilipojaza mwaka wa kuzaliwa wa baba, niliandika mwaka ambao ukipiga hesabu unakuta alimzaa Nekesa akiwa na miaka kumi na tatu. Kamati imeirudisha fomu, inasema huyo hawezi kuwa baba yake. Ijumaa Nekesa ataulizwa yeye ni wa nchi gani.

Na yeyote aliyejaza uongo kwenye fomu ya serikali, hiyo ni kesi. Hilo tulifundishwa na Mzee wa Mtaa mwenyewe, siku ya kwanza kabisa.

Ni mama, lakini wote tunamwita Mzee. Alipochaguliwa nilikuwa darasa la pili. Wanaume walicheka, wakasema sasa tutamwitaje, Mama Mzee? Akawajibu, "Niite Mzee tu, ndevu utaongeza wewe mwenyewe." Wakaacha. Ng'ombe akiingia kwenye miwa ya mtu, anaitwa yeye. Mtu akifa, ndiye anapeleka habari kwa chifu. Watu wa chanjo wakija, ndiye anawaonyesha njia na kuwafungia mbwa, na mbwa wa mtaa mzima anawajua kwa majina. Alikuwa anajitolea kabla kujitolea hakujawa na tisheti.

Anatembea na mwavuli mweusi, iwe mvua isiwe mvua, na mfuko wa njugu mbichi anazotafuna bila kumgawia mtu. Ukimwomba anakuambia, "Hii ni dawa." Dawa ya nini hasemi.

Akifurahi anaongea Kibukusu, haraka haraka, na utani mwingine siwezi kuuandika hapa. Akiwa sawa tu anaongea Kiswahili chetu hiki cha huku. Akikasirika anahamia Kiswahili cha redio. Hapandishi sauti, anaishusha. Ukisikia "ndugu wananchi" au "ndugu vijana", jua kuna mtu atalia. Mama yangu anasema ni afadhali kupigwa na nyanya yangu kuliko kuulizwa swali na Mzee wa Mtaa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimwona kwa mbali najificha kwenye mahindi, na sikuwa nimekosa chochote. Nilifikiri anaweza kukumbuka kosa ambalo mimi nimesahau.

Kwa hivyo nilipomaliza Form Four nikaingia mpango huu, nikasikia kwamba yeye ndiye msimamizi wetu, nilitaka kujitoa siku hiyo hiyo. Sikujitoa kwa sababu ya cheti. Ukimaliza miezi sita unapewa cheti, na kwenye chuo cha uuguzi ninakoomba wanakiangalia. Kazi yetu ni ya aina mbili. Jumatatu na Jumatano tunafundishwa uraia, haki na wajibu. Siku zingine tunaenda boma kwa boma kuandika watu wasio na kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, ili wasaidiwe.

Boma kwa boma ndipo nilipomjua vizuri. Ana namna yake. Hubishi hodi ukiwa umeshika karatasi. Karatasi inakaa ndani ya begi, kalamu inakaa mfukoni, mpaka chai iishe. "Mtu akiona kalamu," alituambia, "anaanza kukujibu kama yuko kortini. Ngoja akohoe, ngoja akusimulie ng'ombe wake, halafu ndio uandike." Tukipita maboma kumi na mawili kwa siku, hivyo ni vikombe kumi na viwili vya chai. Rafiki yangu Sharon alilalamika.

"Mzee, si tutapasuka tumbo?"

"Pasuka. Serikali itakushona."

Alikuwa anasema pia, "Serikali haina miguu. Miguu ni nyinyi." Aliisema mara nyingi mpaka Sharon akawa anaiiga nyuma yake, mwavuli na yote. Siku moja Mzee akageuka ghafla akamkuta amenyanyua fimbo kama mwavuli. Tuliganda. Akamtazama Sharon juu mpaka chini, akasema, "Mgongo nyoosha. Mimi sijakunjika hivyo," akaendelea na safari.

Kuhusu miaka ya wazee alitufundisha hesabu ambayo hawafundishi shuleni. Mzee wa huku anaweza asijue mwaka aliozaliwa, lakini mwaka aliotahiriwa hawezi kuusahau, na anajua rika lake na nani alisimama naye. Kwa hivyo kwa wanaume unauliza, "Ulitahiriwa lini, na ulikuwa mkubwa kiasi gani?" halafu unarudi nyuma. Kwa akina mama unauliza mtoto wa kwanza alizaliwa lini. Alisema kwa sauti ya kawaida kama mtu anayefundisha kupika. Mimi nilikuwa naandika huku masikio yanawaka. Nikajiambia, hilo la wanaume litaulizwa na wavulana.

Nisimwandike kama mtu asiyeogopa kitu, itakuwa uongo mwingine. Mwezi wa tano alinichukua nimsindikize Kitale kupeleka fomu. Kwanza tulipitia duka la vifaa, alikuwa anataka gamubuti za kukanyagia matope. Mwenye duka ni Mhindi mzee anayejua Kibukusu kuliko sisi wa sekondari. Alipomwona akapiga kelele, "Mzee! Kumbe bado hujakufa!"

"Nangoja wewe utangulie, nirithi hili duka."

"Gamubuti utarithi. Duka hapana."

Walicheka mpaka nikacheka na mimi. Lakini tulipofika ofisini alibadilika. Alikaa mwisho wa benchi, nusu ya mwili hewani, mwavuli katikati ya magoti, hakutafuna hata njugu moja. Jina la kata yetu lilipoitwa alinisukuma kidogo. "Ingia wewe. Wewe una Kingereza."

"Mzee, mimi siwezi. Naogopa."

"Na mimi?" akasema. Hivyo tu. "Wataniuliza kitu nisichokijua, halafu watajua sikijui."

Tuliingia wote wawili. Kijana wa dirishani hakutuuliza chochote, alipiga muhuri akasema asante mama. Mzee alitoka ametokwa na jasho, na kitambaa cha kichwa kimelegea.

Kitu kingine, hapendi picha. Kwenye picha zote za kikundi chetu amegeuza uso dakika ile ile. Na kitambulisho chake mwenyewe kimefungwa kwa paketi ya maziwa iliyooshwa, kikawekwa ndani ya Biblia, na kabla ya kukigusa ananawa mikono. Aliniambia aliwahi kukipoteza wiki moja, na wiki hiyo hakutoka nyumbani. "Nilikuwa naona kama mtu akiniuliza mimi ni nani, sina jibu." Mtu huyo huyo ndiye anatusimamisha kila Jumatatu na kutuambia uraia uko moyoni, hauko kwenye kadi. Sijui anaamini lipi. Labda yote mawili.

Sasa mtoni. Ilikuwa mwanzo wa Agosti, na mwaka huu ni mwaka wa kutahiri, kwetu huja mwaka mmoja na kuruka mwingine. Wavulana wetu wote wanne walikuwa wamepotea, wanasindikiza binamu zao watakaotahiriwa, wanaokimbia na kengele kwa wajomba kualika watu. Tulibaki wasichana. Mzee akatugawa, na boma la mtoni akanipa mimi. Tulifika naye mpaka kwenye ua wa boma, akasimama.

"Ingia. Mimi nakungoja hapa."

Nilifikiri amechoka. Nikaingia peke yangu. Mzee wa boma, baba ya Anti Nekesa, ambaye kwa heshima tunamwita Kuka, yaani babu, alikuwa akipasua kuni, na kila pigo lilikuwa pigo moja. Anti Nekesa akanipa chai. Nilifuata kanuni zote, kalamu mfukoni mpaka mwisho. Kuka alinisimulia ng'ombe wake. Akakohoa pia. Halafu nikatoa fomu, nikafika kwenye ule mstari.

"Kuka, mwaka wa kuzaliwa?"

"Sijui, mtoto wangu. Nani alikuwa anaandika?"

Hapo ndipo ningeuliza lile swali. Nililiandaa mdomoni. Mimi msichana wa miaka kumi na nane, nimekaa kwa kigoda, namuuliza mzee wa rika la babu yangu mambo ya kutahiriwa, na kengele zinasikika barabarani, na binti yake amesimama mlangoni na birika. Sikuweza. Nikainua kikombe nijifiche nyuma yake, na chai iliyobaki ikadondokea fomu. Nikamtazama mikono yake yenye nguvu na kuni alizopasua, nikasema moyoni huyu ana sitini. Nikatoa mwaka kichwani, nikaandika. Sikufikiria hata kidogo kwamba mstari wa chini una mwaka wa Nekesa na mtu atailinganisha.

Nikatoka, nikampa Mzee wa Mtaa fomu pale pale nje ya ua. Akaisoma. Akaisoma tena. Akatia sahihi juu ya mwavuli uliofungwa.

*

Alhamisi.

Leo saa kumi jioni nimeenda kwake. Nimepita mbele ya lango lake mara tatu kabla ya kubisha. Mara ya tatu sauti ikatoka ndani:

"Wewe, umekuja kuchagua maharagwe ama umekuja kupima barabara?"

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na uteo wa maharagwe. Nikakaa, nikaanza kuchagua. Akazungumza habari za mahindi, za mtoto wa jirani aliyekata simu ya chifu akidhani ni redio. Mimi nilikuwa natupa maharagwe mazuri na kubakisha mawe, mpaka akanipiga mkono kidogo.

"Mzee," nikasema, "ile fomu."

"Fomu gani?"

"Ya mtoni. Ni mimi."

Hakunitazama. Akapuliza maganda. "Huo mwaka uliutoa wapi?"

"Niliubuni."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa kumuuliza."

"Kumuuliza nini?"

"Lile... lile swali la wanaume."

Nilikuwa nangoja Kiswahili cha redio. Badala yake alianza kucheka. Alicheka Kibukusu, kama kuna kucheka Kibukusu, mpaka uteo ukainama na maharagwe yakamwagika mkekani. Halafu kicheko kikakatika na nikaona macho yake, nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa barabarani.

"Msichana wangu," akasema, "hata mimi singemuuliza. Yule ni mkwe wangu. Ni ndugu mdogo wa baba ya marehemu mume wangu. Tangu niolewe sijavuka ule ua. Sijamshika mkono, sijala mahali alipo. Nikimwona njiani nashuka kwenye mtaro."

"Kwa hivyo ile siku..."

"Ile siku nilikutuma wewe kwa sababu mimi siwezi. Na huo mwaka niliuona. Nikapiga hesabu pale pale, nikajua si kweli. Lakini nikasema nikikataa kutia sahihi, wataniambia Mzee, rudi umuulize. Nikatia." Akaanza kuokota harage moja moja. "Kwa hivyo jana, ingawa nilijua ni wewe, usidhani nilikubeba. Nilijibeba mwenyewe."

Nikamwambia kesho nitasimama nieleze.

"Utakaa."

"Lakini Mzee, Anti Nekesa..."

"Utakaa, nimesema. Wakijua ni wewe, watakutoa kwa mpango na cheti hutakiona. Wewe ndio unaanza. Mimi nitasema nilikosea, nimezeeka, macho."

"Si watasema ulitaka kumpitisha mgeni? Ndugu ya bwana yako?"

Hilo alikuwa hajalifikiria, au alikuwa amelifikiria usiku kucha, sijui. Mkono wake ulisimama juu ya uteo. Kuku walikuwa wamekuja wanadonoa yaliyomwagika na hakuwafukuza. Halafu yeye, ambaye alitufundisha katiba na vifungu vyake, akasogea karibu yangu na kuniuliza polepole, kama mtoto anayeuliza habari za sindano:

"Wewe umesoma. Wanaweza kunifunga?"

Sijui. Kweli sijui. Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa haraka sana, na akakubali kwa kichwa kana kwamba mimi ni mtu anayejua. Nimetembea mpaka nyumbani nikisikia lile swali. Nimezoea kumwogopa yeye. Kumwogopea sikuwa nimezoea, na ni kubaya zaidi, kwa sababu mtu unayemwogopa unaweza kumkimbia.

*

Ijumaa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshapita ua wa mtoni. Anti Nekesa alikuwa akipiga pasi rinda la kuendea kwenye kamati, ile pasi ya makaa, na hakuinua kichwa. Kuka alikuwa zizini anakamua. Nilisimama upande wa pili wa ng'ombe ili nisimwone uso.

"Kuka, samahani sana. Naomba kukuuliza kitu. Ulitahiriwa mwaka gani?"

Maziwa yakaacha kugonga ndoo.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Baba yako ni nani?"

Nikamtaja.

"Anajua unazunguka asubuhi ukiuliza wazee hivyo?"

"Hapana, Kuka. Niliandika mwaka wa uongo kwa sababu niliona haya. Ndio maana wanasema Anti si mtoto wako."

Nikaona miguu yake chini ya tumbo la ng'ombe, ikasimama, ikajipanga sawasawa, ikakaza, kama mtu anayejiandaa asitikisike.

"Agosti ya mwisho ya kutahiri kabla ya Uhuru," akasema. "Nilikuwa na ndevu tayari. Tulikuwa sita, mmoja bado yuko hai kule Kabuchai, wamuulize." Nikarudi nyuma kwa vidole: Anti alizaliwa yeye akiwa amepita thelathini. Kisha akasema, "Ng'ombe amalize, tunaenda."

Tulienda watatu. Kwenye ofisi ya chifu Mzee wa Mtaa alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alipomwona mkwe wake akashtuka, akasimama, akajibanza ukutani, akainamisha kichwa na kufungua mwavuli kati yao, ndani ya chumba. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kamati akakunjua ile fomu aliyokuwa amerudishiwa, doa la chai likiwa juu, akauliza ilijazwa na nani.

Mwavuli ukaanza kusogea. Nikasimama kabla haujafika mbele. Nikashika mgongo wa benchi.

"Ni mimi," nikasema.

"Sauti," mwenyekiti akasema.

Nikarudia.